Ushauri: Aliyeinunua Sare Ataiuza

Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Katoro, mkoani Geita. Nimemaliza kidato cha nne na kupata daraja la tatu, pointi 23. Nimepangiwa kidato cha tano, tahasusi ya HGK, katika shule ya bweni mkoani Tabora. Lakini tangu nikiwa shule ya msingi nimetaka kuwa polisi, na nyumbani wote wanajua.

Baba ana hisa kwenye duara moja la dhahabu huko Nyarugusu, na mwaka huu mawe hayajatoa kitu. Anasema kidato cha tano ni kupoteza miaka miwili, bora niingie upolisi sasa nianze kupokea mshahara na kuwasaidia wadogo zangu wanne. Baba mdogo aliyeko Kahama anamjua mtu wa kunipeleka depo, kwenye mafunzo ya polisi, bila kuhangaika, ila anataka shilingi milioni tatu: nusu sasa, nusu jina likitoka. Baba yuko tayari kuuza ng'ombe. Anasema nikikataa hilo, basi kuna mwenye karasha la kusaga mawe ameshatuma washenga, na kwa huyo, ng'ombe wataongezeka badala ya kupungua.

Mama hataki nisikie hata neno polisi. Anasema huku kwetu kazi yao ni kukimbizana na watoto wa wenzao kwenye migodi, na kwamba nitachukiwa. Niende depo au niende shule, Shangazi? Na hiyo milioni tatu nifanyeje?

Binti wa Katoro, Geita

Mwanangu, umeuliza mawili, lakini naliona na la tatu limejibanza nyuma ya hao washenga. Nitayajibu yote. Naanza na la fedha kwa kuwa ndilo lisilosubiri: baba asiuze ng'ombe kwa ajili hiyo, na huyo mtu wa Kahama asipewe hata nauli.

Kuhusu milioni tatu

Utapeli wa aina hii ni rahisi, ndiyo maana haufi. Mtu anakusanya "nusu ya kwanza" kwa vijana wengi, kuanzia Kahama hadi Runzewe. Hana anayemjua popote. Anasubiri majina yatoke tu. Katika kundi kubwa hawakosekani wawili watatu waliopita kwa sifa zao wenyewe. Hao anawapigia simu haraka, anawapongeza na kudai nusu ya pili. Waliokosa wanaambiwa mwaka huu mambo yamekuwa magumu, kisha namba haipatikani. Kwa hiyo baba yako mdogo anaweza kukuapia, tena kwa moyo safi, kwamba mtu huyu alimwingiza mtoto wa jirani. Mtoto wa jirani aliingia mwenyewe.

Utaratibu wa kweli hauna nafasi ya dalali. Katika miaka ya karibuni Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza nafasi hadharani, na mwombaji anajaza mwenyewe maombi kwenye mfumo wa ajira wa Jeshi kupitia intaneti. Barua unaiandika kwa mkono wako, unaiskani na kuiambatisha pamoja na vyeti. Ile inayopelekwa kwa posta au kukabidhiwa mtu haipokelewi. Gharama zako ni bando, stesheneri, na nauli ya kwenda kwenye usaili, kwa kuwa tangazo husema wazi kwamba kila mmoja anajigharamia.

Ujue pia kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayetoa sawa na anayepokea. Msichana anayetaka kuwa mlinzi wa sheria, akianza safari kwa kosa la jinai, ameshajifungia mlango, maana sharti mojawapo la kuajiriwa ni kutokuwa na kumbukumbu ya uhalifu. Huyo mtu akiendelea kuwasumbua, namba ya TAKUKURU ni 113, na kuipiga ni bure.

Sasa tuseme si tapeli, kweli ana mkono wake ndani. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Milioni tatu za baba zitakuwa deni, na konstebo mpya atalilipa kwa nini? Wewe umekulia Katoro. Unajua mwalo una mwenyewe, karasha lina mwenyewe, plenti ina mwenyewe, hata gari linalopita usiku wa manane lina mwenyewe, na wote wanatembea na fedha taslimu. Mkoani kwako askari mwenye deni hatafuti mnunuzi. Mnunuzi anamfuata kituoni.

Hilo limeshaonekana. Januari 2019 askari polisi 8 wa Mwanza walifikishwa mahakamani baada ya kukamatwa kwa dhahabu ya zaidi ya kilo 300 iliyokuwa ikisafirishwa kupitia Kigongo, pale kilipokuwa kivuko cha kuvukia Busisi. Walituhumiwa kwamba badala ya kuwafikisha wenye mzigo mbele ya sheria, waliwasindikiza, baada ya kuahidiwa shilingi bilioni 1 na kupokea milioni 700. Hebu jiweke kwenye lile gari, usiku, na fedha ile mbele yako. Kitu pekee kinachoweza kukuzuia ni uamuzi uliokwisha kuufanya miaka mingi kabla. Na aliyeinunua sare ameshafanya uamuzi wake: ataiuza.

Kuhusu hofu ya mama

Mama yako hajakosea, naye ana haki ya kusikilizwa. Nenda mbali kidogo, hadi Mwadui, wilayani Kishapu. Mgodi wa Williamson umekuwa ukitoa almasi tangu mwaka 1940, na kwa miaka mingi vijana wa Maganzo na vijiji vya jirani, wale wanaoitwa wabeshi, wamekuwa wakiingia ndani ya eneo la mgodi kutafuta mawe. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, wakati huo mmiliki mkubwa wa mgodi huo, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 waliofungua kesi Uingereza wakilalamikia vitendo vya walinzi wa mgodi, yakiwemo majeraha na vifo. Kampuni haikukiri kwamba inawajibika kisheria, lakini ililipa. Unapofikiria kuvaa sare katika ukanda huu, fikiria na ule uzio. Upande wa pili hasimami jambazi wa kwenye sinema. Anasimama kijana wa umri wako mwenye nyundo na tochi, pengine mliyekaa naye dawati moja.

Ndiyo maana nakuomba uijue sheria kabla ya kulijua gwaride. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu nguvu kiasi cha kumkamata mtu tu, na inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Katiba, Ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa. Askari anayeyajua haya kwa kichwa anaweza kumfukuza mbeshi, kumkamata na kumpeleka mahakamani, na bado akapita Maganzo Jumapili bila kuinamisha uso.

Wazee wetu wamelipitia somo hili hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe na majambazi walipozidi, wanavijiji wa Kahama na Nzega waliunda sungusungu, na jambo hilo likaenea Usukumani kote. Serikali ililitambua, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwapa uwezo wa kukamata. Muulize babu yako yeyote aliyekuwamo. Atakwambia walifanikiwa kwa sababu kila mtu aliwafahamu na hakuna aliyelipa ili aingie. Akiwa mkweli ataongeza kwamba waliharibu pale walipojigeuza mahakama: wakapiga watu, wakafukuza wanawake vijijini kwa tuhuma za uchawi, na wengine wakaua. Imani ya wananchi bila sheria ilizaa hayo. Sheria bila imani ya wananchi ndiyo hiyo inayomtisha mama yako. Askari mzuri anahitaji vyote viwili.

Kuhusu hatari sitakudanganya. Septemba 2014 kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe, hapo hapo mkoani kwenu, kilivamiwa. Askari wawili waliuawa na silaha zikaporwa. Mama anayakumbuka hayo hata kama hakuyataja.

Lakini kuna upande ambao mama hauoni. Huu ni ukanda ambao vikongwe wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na watu wenye ualbino wakawindwa kwa ushirikina wa utajiri. Mwanamke aliyepigwa na mumewe mwenye fedha za machimboni, au mtoto aliyeingiliwa, anapofika kituoni humweleza nani? Dawati la Jinsia na Watoto liliundwa kwa ajili yao, na mwanamke mwenzao, tena anayesikia Kisukuma, anaweza kuwa tofauti kati ya kesi inayofika mahakamani na ile inayomalizwa kwa mbuzi wawili chini ya mwembe. Askari hupangiwa popote nchini, hivyo usiahidi kwamba utakaa Katoro. Ila Wasukuma tumejaa mikoa mitano na zaidi, lugha yako haitakosa kazi.

Depo au shule?

Jibu langu: nenda kidato cha tano, na upolisi usiuache.

Tufanye hesabu ya miaka. Katika matangazo ya karibuni, waombaji wa kidato cha nne na cha sita walitakiwa kuwa na miaka 18 hadi 25. Wewe una 19. Ukimaliza kidato cha sita utakuwa na 21, na miaka minne mbele ya kuomba, safari hii ukiwa na vyeti viwili. Nafasi ya kidato cha tano unayo mkononi, imeandikwa jina lako. Nafasi ya polisi ni tangazo ambalo huenda likatoka mwezi ujao au mwakani, na utagombea na maelfu.

Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Yamebaki godoro, sare, nauli na mahitaji mengine ya bweni. Kama baba ana hamu ya kuuza ng'ombe, hapa ndipo pa kumuuza mmoja.

Baba atasema polisi haihitaji kidato cha sita. Kuingia, kweli, haihitaji. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya polisi ni kuandika: maelezo ya shahidi, maelezo ya mtuhumiwa, mchoro wa eneo la tukio, jalada linalokwenda kwa mwendesha mashtaka. Kesi nyingi hufia kwenye karatasi, shahidi akiwa hai na ushahidi ukiwepo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na wewe unakwenda kusoma Kiswahili kwa kina katika HGK. Usiiite kupoteza miaka. Na ngazi ni ndefu: konstebo, koplo, sajenti, staff sajenti, sajenti meja, ndipo mkaguzi msaidizi, na juu yake warakibu na makamishna. Aliyekomea kidato cha nne anaweza kuzipanda, na wapo waliopanda, ila anajiendeleza akiwa zamu za usiku na akihamishwa kituo katikati ya mitihani.

Kidato cha sita kina mlango mwingine. Wahitimu wake huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, kwa mafunzo ya takribani miezi mitatu. Inawezekana ukapelekwa Msange, Tabora, au Rwamkoma, Mara, au Kanembwa, Kigoma. Huko utaamshwa alfajiri, utakimbia, utalima, utapigishwa kwata na kufokewa. Utajua mapema kama mwili na moyo wako vinaiweza kambi, na kuna nyakati vyombo vya ulinzi na usalama vimechukua vijana waliopitia JKT pekee.

Sitakuficha unachokosa. Ukiingia sasa ukiwa na miaka 19, utatangulia kwa utumishi wa miaka miwili na mshahara wa miaka miwili, na wadogo zako watapata msaada mapema. Hilo si dogo kwa nyumba ambayo duara limegoma. Kwa hiyo tangazo likitoka kabla hujaripoti Tabora, omba. Kuomba si kuapa. Usaili wenyewe utakufundisha, na ukiitwa depo ndipo utakaa na wazazi kuamua, mkiwa na mambo mawili ya kweli mezani. Usichopaswa kufanya ni kukaa nyumbani mwaka mzima ukisubiri tangazo, huku nafasi ya shule ikipotea.

Yaanze haya mapema

Kwanza, nyaraka. Cheti cha kuzaliwa cha RITA na namba ya NIDA vishughulikie sasa, maana kwenye miji ya machimbo watu huhamahama na kumbukumbu hupotea. Hakikisha majina yako yanafanana herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na NIDA. Aliyeandikwa "Masanja" hapa na "Massanja" pale atajua taabu yake siku ya usaili.

Pili, mwili. Pima urefu zahanati: matangazo ya karibuni yalitaka wanawake wasiopungua futi 5 na inchi 4, na wanaume futi 5 na inchi 8. Kama hufiki, ni afadhali ujue leo. Usichore mwili, hata ua dogo la mkononi, kwa kuwa wenye michoro hukataliwa. Zoea kukimbia asubuhi.

Tatu, mwenendo. Mwombaji anatakiwa awe hajaolewa na hana mtoto. Katoro ina vishawishi vingi kwa msichana mwenye njaa ya simu mpya. Unajua ninachosema.

Nne, fani. Jeshi huajiri pia wenye ujuzi, kama madereva, mafundi wa magari na umeme, wauguzi na watu wa TEHAMA. Ukimaliza kidato cha sita na tangazo likachelewa, miezi ya kusubiri iende VETA Shinyanga au kwenye chuo kingine chenye usajili, isiende kijiweni.

Kila tangazo lina masharti yake, hivyo lisome lote na usitegemee la mwaka jana.

Usiitazame milango ya polisi peke yake. Chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kuna Magereza, Uhamiaji, na Zimamoto na Uokoaji, na kila kimoja hutangaza nafasi zake. Kuna pia uhifadhi: Chuo cha Pasiansi pale Mwanza hufundisha askari wa wanyamapori, nawe mkoani kwako una hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo. JKT ya kujitolea nayo ni njia, ya miaka miwili, lakini matangazo yake yenyewe husema kwamba JKT haitoi ajira wala haihusiki kumtafutia kijana ajira. Nenda kwa mafunzo. Usiende kwa ahadi uliyopewa na mtu stendi.

Kuhusu mwenye karasha

Sasa la washenga. Baba yako simchukii. Mtu mwenye watoto watano na duara lisilotoa huona kila mlango kama ng'ombe. Mweleze kwa adabu, mbele ya mama, na ikibidi mbele ya mjomba au mzee anayemheshimu, mambo mawili. La kwanza, ukiolewa sasa, ndoto ya polisi imekwisha siku hiyo hiyo, kwa sharti nililokutajia. La pili ni zito zaidi: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamtia hatiani mtu yeyote anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kifungo chake ni miaka 30. Ukisharipoti Tabora wewe ni mwanafunzi wa sekondari. Mwenye karasha aelezwe hilo na washenga wake mapema, kwa heshima, kabla mahari haijaletwa na kugeuka ushahidi. Kidato cha tano kinakupa vyeti, na kwa miaka miwili kinakupa pia ngao ambayo depo isiyojulikana itafunguliwa lini haiwezi kukupa.

Wakikulazimisha, usinyamaze. Mwone mtendaji wa kata, afisa ustawi wa jamii, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Hata wasipokulazimisha, nenda siku moja ukasalimie tu. Omba kuzungumza na askari wa kike wa hapo. Mwulize siku yake inakwendaje, kitu gani kinamchosha, alisubiri matangazo mangapi, na aliingiaje. Uende na baba.